Mtoto wa mheshimiwa, cherehani ya bibi

Wasomaji wangu, leo nimeamua kutoa dukuduku. Kazi yangu ni kushona. Nabuni nguo, nakata, nashona, halafu nazivaa mwenyewe na kupiga nazo mapozi mbele ya kamera. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mtu akikutana nami mara ya kwanza haniulizi bei ya gauni. Haniulizi hata kitambaa nimekipata wapi. Anakunja uso kidogo, anasema: "Subiri kwanza. Wewe si mtoto wa mheshimiwa?"

Ndiyo, ni mie. Mama yangu alikuwa diwani wa viti maalumu hapa Dar es Salaam. Babu mzaa mama alianzia Umoja wa Vijana wa TANU akiwa kijana mbichi, akapanda ngazi mpaka akakaa bungeni kipindi kimoja. Kwetu siasa ilikuwa kama chai ya asubuhi. Nimekua nikijua kupokea wageni, kutoa shikamoo ishirini kwa mkupuo, na kukaa kimya wakubwa wakinong'ona sebuleni.

Jina lina faida yake, sikatai. Nikilitaja kwenye ofisi fulani, kiti kinavutwa. Nikilitaja Kariakoo, bei inapanda! Mwenye duka la vitambaa Mtaa wa Kongo akishajua kwetu ni wapi, hashuki hata shilingi mia. Na wateja je? Hao ndio balaa. Mtu anachukua gauni la send-off, anaahidi hela mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukifika anakucheka: "Wee naye, mtoto wa mheshimiwa una shida gani?" Kama vile posho ya mama ndiyo inayonilipia luku!

Wengi wanaamini nilifunguliwa duka zima, na funguo nikakabidhiwa kwenye sahani. Jamani! Nilianza na cherehani ya bibi, ile Singer nyeusi ya kukanyaga kwa mguu, ambayo mkanda wake ukikatika unaunga na uzi wa viatu na kazi inaendelea. Na hiyo cherehani ina historia yake, ambayo bila kuijua hamtaelewa kilichonipata baadaye.

Oktoba 1968, Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 walitaka Dar es Salaam isionekane vimini, mawigi, suruali za kubana wala krimu za kujichubua. Hoja ilikuwa utamaduni wa taifa. Kabla hata tarehe yenyewe haijafika, makundi ya vijana yalishaanza kusimamisha mabasi pale Kariakoo na kuwashusha wasichana waliovaa nguo fupi. Wengine walichaniwa nguo zao hadharani.

Babu alikuwa na miaka 22, na alikuwemo. Mwenyewe husema kazi yake ilikuwa kusimama kituoni na kutoa maonyo tu, kwa heshima na taadhima. Bibi akisikia hivyo hucheka mpaka anafuta machozi kwa pembe ya kanga. Maana bibi wakati huo alikuwa mchumba wake, na alikuwa fundi. "Babu yenu anawatisha mchana," hutuambia, "usiku wananigongea mimi niwashushie pindo." Sketi isiyokuwa na pindo la kushusha aliiongezea kipande cha rangi nyingine kwa chini. Kikatokea kuwa mtindo! Wasichana wakawa wanaleta hata sketi ambazo hazikuwa fupi, wawekewe na wao kipande. Hela ya zile sketi, bibi anasema, ndiyo iliyonunua kitanda chao cha kwanza.

Mambo ya miaka ile yalikuwa na vituko. Kipindi hichohicho serikali ilikuwa inawahimiza Wamasai waache lubega wavae suruali. Mmasai alionekana hajavaa vya kutosha kwa kuwa hajawa wa kisasa, na msichana wa mjini akaonekana hajavaa vya kutosha kwa kuwa amezidi usasa. Na shindano la Miss Tanzania, lililofanyika mara ya kwanza 1967, nalo likapigwa marufuku. Halikurudi mpaka 1994. Mimi nimezaliwa 1996, kwa hiyo nimekuta walimbwende wanatesa kwenye magazeti kama kawaida, nikadhani ndivyo dunia ilivyokuwa tangu zamani.

Sasa turudi kwenye kazi. Mimi napenda kanga kuliko kitambaa kingine chochote. Kitenge ni rahisi, unakunjua yadi zako, unakata unavyotaka. Kanga ina ukaidi. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa upande wa chini. Ukikata hovyo unalikata jina, na kanga iliyokatwa jina ni kama mtu aliyezibwa mdomo. Lazima kwanza uifue, ule wanga wa dukani utoke na kitambaa kirudi saizi yake ya kweli, la sivyo mteja akifua mara moja gauni linakuwa blauzi. Halafu unaitandaza chini, unaizunguka kama unatafuta sindano, unajiuliza: jina likae wapi? Kiunoni? Kwenye pindo la chini? Mgongoni?

Kuhusu kuvaa mwenyewe nguo zangu, sababu ni ya mfukoni. Mwanamitindo wa kukodi anataka hela yake, tena ana haki. Mpiga picha anataka yake. Mpambaji naye. Nilipopiga hesabu nikaona mtu mmoja pale anaweza kufanya kazi mbili, na mtu huyo nimo naye kila siku kwenye kioo. Mungu alinipa urefu na shingo. Basi nikaanza. Kumbe ukivaa nguo yako unaijua udhaifu wake: wapi inabana ukikaa, wapi zipu inachoma. Fundi anayeshona tu haambiwi hayo na mteja mpaka siku ya ugomvi.

Katika kutafuta waliopita njia hii kabla yangu, nikakutana na Elizabeth wa Toro. Wadogo zangu wengi hamumjui, kwa hiyo niwape kwa kifupi.

Huyu ni binti wa mfalme, Omukama George Rukidi wa Tatu wa Toro, kule magharibi mwa Uganda. Alizaliwa 1936. Alisoma sheria Cambridge, na 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili Uingereza. Mwaka 1967 serikali ya Obote ilifuta falme zote Uganda. Ufalme wa kwao ukawa jina tu. Mwaka huohuo Princess Margaret wa Uingereza akamwalika kuonyesha mavazi katika onyesho la mitindo la Jumuiya ya Madola, London. Akapanda jukwaani, na mambo yakawa bomba. Picha zake zikatoka Vogue, na 1969 akawa kwenye jalada la Harper's Bazaar la Marekani. Miaka ile, mwanamke mweusi kwenye jalada la gazeti kama lile lilikuwa jambo la kuhesabu kwa vidole.

Idi Amin aliposhika nchi 1971, Elizabeth alirudi kutumikia. Februari 1974 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Novemba mwaka huohuo Amin akamfukuza. Na alimfukuza vipi? Hakusema waziri kashindwa kazi. Alitangaza eti alifanya mambo ya aibu na mzungu chooni, katika uwanja wa ndege Paris. Ikasambazwa na picha ya uchi iliyodaiwa kuwa ni yake. Mwanzoni mwa 1975 akatorokea Kenya, akaokoa roho yake. Alipofika Uingereza hakukaa analia. Aliyashitaki magazeti yaliyoibeba habari ile, akashinda. Mwaka 1986 nchi yake ilimteua kuwa balozi Marekani.

Niliposoma habari hii nilikaa kimya kitambo. Fikirieni: wakili, waziri, binti wa mfalme, na siku walipotaka kummaliza hawakugusa kazi yake hata kidogo. Walitafuta picha ya mwili wake.

Upande wa pili yupo Iman, msichana wa Mogadishu, aliyezaliwa 1955. Baba yake alikuwa mwanadiplomasia, mama yake daktari. Siad Barre alipopindua serikali 1969, maisha ya familia yakavurugika, na hatimaye wakaishia Kenya. Iman alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi pale mpiga picha Peter Beard alipomwona 1975. Alipopelekwa New York, magazeti yaliambiwa kwamba ni mchunga mifugo aliyeokotwa porini, hajui Kiingereza. Binti wa balozi! Anayezungumza lugha kadhaa! Lakini hadithi ya porini ndiyo iliyouza. Baadaye aliisahihisha mwenyewe, na 1994 akaanzisha kampuni yake ya vipodozi kwa wanawake wenye ngozi kama yake na yangu.

Mmoja alivuliwa heshima kwa sababu ya jina la familia yake. Mwingine alivuliwa jina lenyewe ili auzike vizuri. Kati ya hao wawili ndipo ninapojiona mimi, kwa kiwango changu kidogo cha chumba kimoja na vyerehani vitatu.

Hata hapa kwetu siasa na ulimbwende ni majirani wasiosalimiana mchana. Miss Tanzania wa 2006, Wema Sepetu, ni binti wa Balozi Isaac Sepetu. Jokate Mwegelo, aliyeshika nafasi ya pili mwaka uleule, alianzisha bidhaa zake za Kidoti, na 2018 akateuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Alipoteuliwa, watu wa mtaani kwetu walibishana wiki nzima kama "mtoto wa mapozi" ataweza. Waliokuwa wanabisha hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa yeye alivaa nini ujanani.

Haya, sasa yangu.

Julai 2020 ulikuwa msimu wa kura za maoni. Mama alikuwa anatafuta kupanda kutoka udiwani kwenda ubunge wa viti maalumu. Nyumbani kukawa kama stendi. Wapambe wanaingia, wapambe wanatoka, sufuria la pilau halishuki jikoni. Mimi nilipewa kazi ya kushona sare: magauni 60 ya kitenge kwa akina mama wa kundi lake. Nikapewa nusu ya hela, nusu nyingine "baada ya ushindi". Nikaajiri mafundi wawili wa kunisaidia, tukakesha.

Mwezi mmoja kabla, nilikuwa nimepiga picha ufukweni Coco Beach na gauni langu la kanga. Gauni refu, linafika chini kabisa, shingo imefungwa. Ila mgongo wazi, mpaka kiunoni, na jina la kanga nimelipitisha pale chini ya mgongo. Mpaka leo sijashona kitu kizuri kuliko lile gauni. Picha ilipendwa, nikapata wateja wanne kwa siku moja.

Siku tano kabla ya kura, picha ileile ikaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wajumbe. Chini yake mtu kaandika: "Huyu ndiye binti wa anayetaka kutuongoza. Ameshindwa nyumba, ataweza taifa?"

Usiku ule kikaitishwa kikao cha familia. Mpambe mkuu wa mama, mzee mmoja mwenye sauti ya upole kama imamu, akanigeukia. "Mwanangu," akasema, "hakuna anayekulaumu. Ila tunaomba mambo matatu. Ufute picha zako zote. Uandike kwamba ile picha imetengenezwa, si wewe. Na siku ya mkutano ukae mbele na mama, umejistiri, watu wakuone."

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa. Shangazi akasema ni kwa siku tano tu, kuna ubaya gani? Babu aliomba aione ile picha. Akavaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza: "Mgongo wote huu, kitambaa kilikwisha?" Watu wakacheka kidogo. Bibi hakucheka. Alisema: "Wewe usianze. Wewe ulichana za watu."

Sebule ikanyamaza. Ndipo nilipojua kwamba kutoa maonyo tu, kwa heshima na taadhima, ilikuwa hadithi ya kutulaza usingizi.

Nikawajibu kwa adabu, maana wote ni wakubwa zangu. Nikasema kukaa mbele nitakaa, na gauni la heshima nitavaa, nitalishona mwenyewe. Kupumzika kuweka picha mpya siku tano, nakubali. Lakini kusema ile si picha yangu, siwezi. Ile ni kazi yangu, na ule ni mgongo wangu. Nikisema leo kwamba imetengenezwa, kesho mtu akitengeneza ya kweli mbaya nitasema nini? Nani ataniamini? Na wale wateja wanne waliolipa malipo ya awali wavalie gauni lipi, lile "lisilokuwepo"?

Mama alikuwa kimya muda wote. Alikuwa anazungusha bangili yake mkononi. Halafu akasema maneno mawili tu: "Kesho usije."

Mimi si mtu wa kulialia, lakini yale maneno yaliniingia. Sikujua kama ananilinda mimi au anajilinda yeye, na sikuuliza. Siku ya mkutano nilikuwa kwenye cherehani. Niliona kwenye simu akina mama 60 wamependeza na magauni yangu, wamempanga mama katikati kama ua, na mimi simo.

Kura hazikutosha. Baba mdogo anasema mpaka leo kwamba ni picha ndiyo iliyotuangusha. Labda. Lakini wagombea walikuwa wengi na nafasi chache, na walioanguka siku ile wengi wao hawana binti anayeshona. Kuna waliosema pia mwingine alimwaga hela. Kwenye siasa ukishindwa sababu huwa kumi, na familia huchagua ile inayoishi chumba cha pili.

Wapambe waliyeyuka kama chumvi kwenye mvua. Ile nusu ya hela ya sare sijaiona hadi ninapoandika. Mafundi wangu niliwalipa kwa kuuza ovaloki yangu, nikarudi kwenye Singer ya bibi miezi saba. Simtaji mtu. Wenyewe wanajijua, na kitenge wanakivaa.

Mimi na mama tulipitisha wiki tatu kwa shikamoo na marahaba, basi. Wiki ya nne akaja kwenye kibanda changu, kamkuta mteja, akakaa kwenye benchi akisubiri zamu kama watu wengine. Zamu yake ilipofika akatoa kitambaa kwenye mfuko. "Nipime." Nikachukua futi kamba nikampima. Kifua kimepungua, kiuno kimepungua. Uchaguzi ulikuwa umemla. Nikamuuliza anataka mshono gani. Akasema: "Kama ule wako wa ufukweni." Nikamtazama. Akaongeza haraka: "Mgongo weka."

Nikauweka. Akalipa bei kamili, tena bila kuomba punguzo. Hatujawahi kulizungumza lile jambo, na sidhani kama tutalizungumza. Kwetu mambo hupita kwenye nguo.

Nawaambia haya nyie vijana wenzangu, hasa nyie mliozaliwa kwenye nyumba zenye picha za viongozi ukutani, kwa sababu naona mnavyoishi. Jina la nyumbani litakufikisha mlangoni, na siku likiwaka moto litakuunguza wewe wa kwanza. Wakubwa watakuomba ujistiri, ujifiche, ujikane, halafu kila ombi litakuwa la siku tano tu. Wasikilizeni, maana ni wazazi. Mengine kubalini, maana heshima haigharimu kitu. Lakini muwe na kazi ambayo mtu hawezi kuwavua. Elizabeth alipopokonywa wizara alikuwa bado na sheria yake kichwani, na kwa hiyo sheria akawafikisha mahakamani. Iman alipopewa uongo wa porini alikuwa na elimu yake na ulimi wake wa kuukanusha.

Na nyie wateja wangu, hasa wewe mwenye gauni la njano tangu Desemba: mtoto wa mheshimiwa ana shida. Anadaiwa kodi ya kibanda. Lete hela.